Unaenda kutahiriwa ukiwa mtu mzima? Soma hapa kabla hujapanda kitandani

FundiGeti (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Hivi karibuni kijana anayefanya kazi karakanani kwangu aliniomba ruhusa ya siku mbili akatahiriwe. Siku mbili! Alidhani Jumatatu anakatwa, Jumatano ananyanyua vyuma. Nikamkalisha kwenye benchi, nikamweleza yote yaliyonikuta mimi, mpaka chai ikapoa. Mwisho akaniuliza, "Bosi, mbona haya hayasemwi?" Swali lile ndilo limenileta hapa.

Mimi ni mtu wa Rungwe, nafanya kazi Mbeya mjini, nachomelea mageti na madirisha. Kwetu tohara haikuwa mila. Babu hakutahiriwa, baba hakutahiriwa. Wenzetu Wamakonde, Wayao, Wazaramo, mtoto anapita jandoni akiwa mdogo, na humo kuna watu wazima wa kumuuguza na kumfundisha mpaka kidonda kipone. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini, na ndugu zetu wengi wa Kanda ya Ziwa, tunalifanya jambo hili tukiwa tayari na mke na watoto. Hatuna wa kutufundisha. Mke anaona aibu kuuliza, na wewe unaona aibu kusema. Unarudi nyumbani na bandeji na karatasi ya maelekezo, basi.

Nilitahiriwa nikiwa na miaka 31, mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, kwenye kampeni ya tohara. Mahema mawili, foleni imezunguka mpaka nyuma ya jengo. Sitataja kituo. Madaktari walifanya kazi yao vizuri na kwa heshima. Kasoro ni moja: maelekezo ya jinsi ya kuuguza nilipewa nikiwa ndio kwanza nimeshuka kitandani, magoti yanatetemeka, nawaza nitapandaje gari. Nesi aliongea, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilipofika nyumbani sikukumbuka hata nusu. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa anayesoma: uliza maswali yako yote KABLA ya ganzi, na nenda na mtu mwingine wa kusikiliza pamoja nawe.

Kwanza nianze na faida, maana kuna wanaoenda na matumaini makubwa kuliko yaliyopo. Tafiti tatu kubwa zilifanyika Afrika: Orange Farm kule Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai Uganda. Zote zilionyesha kwamba tohara inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takribani asilimia 60. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, wakaanza kuipendekeza kwa nchi zenye maambukizi mengi na tohara chache. Ndiyo maana kwetu ilianzia Iringa. Enzi hizo Njombe ikiwa bado ndani yake, mkoa ule ulikuwa unaongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU, asilimia 15.7 kwenye utafiti wa 2007/08. Mwaka 2010 kampeni moja ya wiki sita ilitahiri wanaume zaidi ya 10,000 mkoani humo.

Asilimia 60 siyo 100. Haikukingi wewe kikamilifu, na kama tayari una VVU haimkingi mwenzako. Kondomu inabaki pale pale.

Sasa chumbani. Kabla ya yote watakupima uzito. Usiuone ni utaratibu tu. Ganzi inapimwa kwa kilo zako, kwa dawa ya ganzi iitwayo lignokaini kikomo ni miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo usikisie uzito wako mdomoni, panda mzani. Watakupima presha, wataangalia uume wako, watakuuliza kama unatokwa na usaha au una kidonda. Ukiwa na ugonjwa wa zinaa unatibiwa kwanza, tohara inasubiri. Watakushauri upime VVU, na hilo ni hiari yako, hawakulazimishi.

Sindano ya ganzi inapigwa kwenye shina la uume. Nisiwafiche, hiyo inauma. Ni kama kuchomwa na nyigu, mara mbili tatu, halafu ndani ya dakika chache pote panakuwa kama pa mtu mwingine. Daktari atakubana kwa koleo kupima. Kama unasikia maumivu makali SEMA, ataongeza au atasubiri. Jirani yangu alikaza meno akidhani ndio uanaume, akateseka bure. Ganzi ikishika utasikia kuvutwa na kuguswa, lakini si kukatwa.

Nilikuwa nimegeuza uso ukutani. Kilichonishtua ni harufu. Kuna kifaa kidogo cha umeme wanachotumia kufunga mishipa ya damu kwa joto, na mimi mchomeleaji nikaitambua harufu ile mara moja. Nesi akaona nimekaza miguu, akaniuliza, "Kaka, nyumbani kwako wanalima nini?" Nikamwambia ndizi na chai. Tukaongea ndizi mpaka wakashona nyuzi za mwisho. Kwa jumla ilikuwa kama nusu saa.

Nyuzi hizo hazitolewi. Zinayeyuka na kudondoka zenyewe, nyingi ndani ya wiki mbili tatu. Ukiona kipande cha uzi kwenye chupi usikimbilie hospitali.

Nyumbani ndiko kwenye kazi. Ganzi inaisha baada ya saa moja, mbili, wakati mwingine zaidi kidogo, kwa hiyo meza dawa ya maumivu kabla haijaisha. Parasetamo inatosha kwa wengi. Usimeze aspirini, inafanya damu isigande. Vaa chupi inayobana kiasi na uelekeze uume juu, kuelekea kitovuni, siku zote za mwanzo. Ukiuacha unaning'inia, maji na damu vinashuka vinajikusanya chini, asubuhi unaamka umevimba kama puto. Chupi mbili tatu safi nunua mapema. Juu yake msuli au kanga ya mama watoto. Suruali ya jinzi iweke kando.

Kukojoa unakojoa kawaida. Bandeji isilowe tu.

Usiku uume utasimama. Hili ndilo nililoliogopa kuliko kisu. Mwili wa mwanaume hufanya hivyo usingizini mara kadhaa, huwezi kuuzuia. Nyuzi zimewekwa zikijua hilo, mara nyingi hazikatiki, ila zinavuta na zinauma. Kojoa kabla ya kulala, lala ubavu umekunja magoti, ikitokea amka utembee chumbani mpaka itulie.

Sasa kosa langu. Siku ya nne nilijisikia mzima. Kidonda hakiumi, uvimbe umepungua, mteja anapiga simu geti lake lipo wapi. Nikaenda kazini. Nikashika upande mmoja wa geti la futi kumi, kijana akashika upande wa pili, tukanyanyua. Sikusikia chochote. Jioni nikahisi unyevu. Kufungua, nyuzi mbili za upande wa chini zimeachia, pale pale penye kile kishipa kinachounganisha govi na kichwa, na damu inatoka. Nikabana kwa kitambaa safi bila kuachia, dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, ikapungua. Kesho yake nikarudi kituoni. Wakaniambia kidonda kilichoachia baada ya siku kadhaa hakishonwi tena, kinaachwa kizibe chenyewe kutoka ndani kwenda nje. Wenzangu tuliokatwa siku moja walikuwa wanatembea huru, mimi bado naosha kidonda. Kilichukua karibu miezi miwili, na kovu upande ule halijanyooka.

Kwa hiyo wenye kazi za nguvu, mafundi, wabeba mizigo, bodaboda, ombeni wiki nzima mkiweza. Na bado baada ya hapo msinyanyue kizito wiki kadhaa. Kiti cha pikipiki ndio kabisa.

Karibuni, aliyepitia aongeze, mwenye swali aulize.

MjukuuWaSekenke

Asante sana mleta uzi. Mimi niongeze hapo kwenye bandeji, maana nilikosea vibaya. Niliambiwa nitoe baada ya siku mbili. Siku ya pili ikafika, nikakaa kitandani nikaanza kuivuta ikiwa kavu. Shashi ilikuwa imeshikana na damu iliyoganda, nilivuta na gamba na kila kitu. Nililia wakuu, na damu ikaanza upya.

FundiGeti

Pole sana ndugu. Hili nililisahau na ni la muhimu, ngoja nieleze mimi nilivyofanya, maana mama mkwe ndiye alinisaidia kwa kunipigia simu, yeye aliuguza watoto wake wa kiume wawili.

Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Tia chumvi kidogo. Weka kwenye beseni safi, chuchumaa au kaa kwenye stuli, uloweke uume na bandeji yake. Usiguse kitu. Kaa. Mimi nilikaa zaidi ya dakika ishirini, maji yakawa na rangi ya chai ya rangi. Tabaka la juu litafunguka lenyewe. La ndani, lile lililogusa mshono, lina nyuzi nyembamba zilizoingia kwenye gamba. Hapo nilikuwa namwagia maji kwa kikombe huku naachanisha uzi mmoja mmoja kwa vidole viwili. Ukikataa, loweka tena. Saa nzima iliisha, lakini haikutoka damu hata tone.

Ukishaitoa usirudishie nyingine kama hujaambiwa. Osha kwa maji safi na sabuni isiyo kali asubuhi na jioni, kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, acha papate hewa. Utaona utando wa njano njano juu ya kichwa. Nilidhani usaha. Siyo, ni ngozi inajijenga. Usaha ni mzito, unanuka, na unakuja na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua.

NesiWaZamu

Naunga mkono, mimi nimefanya kazi hizi miaka kadhaa. Nataka niseme jambo moja kwa herufi kubwa: MSIPAKE KITU KWENYE KIDONDA. Nimeona majivu, nimeona samli, dawa ya meno, unga wa majani, spiriti, na nimemwona mtu aliyepakwa mavi ya ng'ombe na bibi yake kwa mapenzi kabisa.

Sababu yake ni hii. Vijidudu vya pepopunda vinaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama. Vikiingia kwenye kidonda kinachoziba bila hewa vinatoa sumu inayokaza misuli. Na wanaume ndio tuko wazi zaidi kuliko wanawake, kwa sababu mama mjamzito huchanjwa pepopunda kliniki, lakini mwanaume aliyechanjwa utotoni mara nyingi harudii tena maisha yake yote. Kinga inaisha bila yeye kujua. Kwa hiyo ukienda kutahiriwa ulizia chanjo ya pepopunda. Kama unafungwa kifaa cha pete ya mpira kinachokausha govi badala ya kukatwa kwa kisu, chanjo inatakiwa iwe imekamilika kabla, kwa sababu govi lililokufa linakaa mwilini siku kadhaa.

Dalili yake ya kwanza ni taya kukaza, mtu anashindwa kufungua mdomo vizuri. Mara nyingi inakuja kama wiki moja baada ya kidonda, lakini inaweza kuwahi siku tatu au kuchelewa mpaka wiki tatu. Ukiona hivyo usilale nyumbani hata usiku mmoja.

Mengine ya kurudi haraka: damu inalowanisha bandeji na haikati baada ya kubana robo saa, kushindwa kukojoa, kichwa cha uume kubadilika kuwa cheusi au cha baridi, homa, uvimbe unaozidi siku hadi siku, mkojo kutokea pembeni. Usione aibu kutuamsha usiku, ndiyo kazi yetu.

BabaPendo

Nesi, samahani nitoke kidogo kwenye mada. Kijana wangu ana miaka 7. Mama yake anasema govi halivutiki nyuma na anataka tumpeleke kampeni ijayo. Ni ugonjwa?

NesiWaZamu

Baba Pendo, hapana, wala hujatoka kwenye mada. Mtoto wa kiume anazaliwa govi likiwa limeshikana na kichwa cha uume. Linaachia polepole kadiri anavyokua, wengine mpaka wanabalehe. Msilivute kwa nguvu, mkilichana linaziba kwa kovu, na hapo ndipo ugonjwa wa kweli unapoanza. Kama anakojoa bila kulia, hana homa wala wekundu wa kurudiarudia, hana shida.

Kuhusu kampeni, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 limeelekeza huduma hii ya kinga ya VVU kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Sababu moja kubwa ni ya kimwili. Mtoto mdogo mrija wake wa mkojo uko karibu sana na ngozi upande wa chini, na ngozi yenyewe nyembamba. Sindano ya kushonea ikipita ndani kidogo tu, au kifaa cha umeme kikiunguza pale, tundu linafunguka na mkojo unatokea pembeni. Kulirekebisha ni upasuaji mwingine, wakati mwingine zaidi ya mmoja. Kama ni kwa ajili ya dini au mila, tahirini, ila kwa daktari aliyezoea watoto, hospitalini, siyo kwenye foleni ya watu wazima. Na mkiona tundu la mkojo liko upande wa chini badala ya nchani, msimtahiri popote, kwa sababu govi hilo hilo ndilo daktari wa upasuaji atalitumia kutengeneza njia. Familia yenye selimundu au watu wanaotoka damu isiyokata, semeni mapema.

MkenyaWaBungoma

Salamu kutoka Bungoma. Hapa kwetu Wabukusu mambo ni tofauti, kijana asiyetahiriwa hahesabiki kuwa mwanaume. Tunatahiri mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa nane. Kijana anapakwa tope la mtoni alfajiri, anasimama wima mbele ya watu, omukhebi, yaani ngariba, anakata, na hatakiwi kupepesa jicho. Mimi nilisimama hivyo na najivunia mpaka leo.

Lakini nimesoma hii habari ya pepopunda na tope, nimenyamaza kidogo. Mwanangu wa kwanza nilimpeleka hospitali, nikafanya sherehe nyumbani, jamaa, chakula, mawaidha ya wazee, yote. Kaka yangu alikasirika akasema nimemficha mtoto chini ya ganzi. Nataka niwaulize walio na ujuzi, kama mtu anataka kwa njia ya kimila, alinde nini?

NesiWaZamu

Mzee wangu, nakuheshimu kwa kusema wazi. Ulilofanya wewe ndilo familia nyingi za huko zinafanya siku hizi: mkato kwa daktari, mila nyumbani. Mawaidha ya wazee hayapotei kwa sababu ya ganzi.

Anayebaki na njia ya zamani: kila kijana kisu chake, kisichotumika kwa mwingine hata kwa sekunde moja, maana damu ya wa kwanza inabeba VVU na homa ya ini kwenda kwa wa pili. Chanjo ya pepopunda wiki kadhaa kabla ya sherehe. Tope lisifike kwenye uume na paoshwe kwa sabuni kabla ya kukata. Na awepo mtu mwenye gari tayari, siyo wa kutafutwa damu ikishaanza kumwagika. Lakini mimi nikiulizwa kwa mwanangu, nampeleka hospitali.

MamaWawili

Naomba niingie, ingawa naona wanaume watupu humu. Mume wangu katahiriwa, leo ana wiki ya tatu na siku mbili. Anasema amepona, kidonda kimeziba, na kwamba rafiki zake waliambiwa wiki tatu zinatosha. Nimemkatalia na sasa nyumbani hakuna amani. Kuna mwingine kazini kwake kamwambia wa kwanza asiwe mke, atoe mkosi nje kwanza. Nimelia dada zangu.

FundiGeti

Dada, pole, na asante kwa kuwa na ujasiri wa kuandika. Uko sahihi. Wiki SITA. Nitakueleza nilivyoelezwa na daktari niliporudi na mshono wangu ulioachia, labda umsomee.

Ngozi ya juu inafunga mapema, wiki ya tatu kwa macho inaonekana nzima. Lakini chini yake kovu bado changa. Mimi nikichomelea, naweza kupitisha moto juu juu geti likaonekana limeshika, rangi ikapakwa likang'aa, ukilipiga teke linaachia kwa sababu ndani halikuyeyuka pamoja. Ndivyo ngozi hiyo ilivyo wiki ya tatu. Kwenye tendo inapasuka vipande vidogo usivyoviona, na kila kimoja ni mlango wa VVU, kwake na kwako. Wakati huo anaweza kuwa hatarini zaidi kuliko alivyokuwa na govi lake. Kule Rakai walifuatilia pia wanaume wenye VVU waliotahiriwa, na wake wa wale walioanza kabla hawajapona ndio walioambukizwa kwa wingi zaidi.

Na huyo wa mkosi nje, hakuna mkosi wowote. Kuna kidonda kibichi kinachopelekwa kwa mtu usiyejua afya yake. Mwambie mumeo mimi mwanaume mwenzake nilisubiri wiki tisa kwa sababu ya uzembe wangu, na ndoa ipo. Hata kujichua asijichue, mshono haujui mkono ni wa nani. Zikifika sita arudi akaguliwe, nenda naye, daktari aseme mbele yenu wote wawili. Mkianza, tumieni kondomu miezi ya mwanzo.

NesiWaZamu

MamaWawili, na wewe ujue faida yako, isiwe ni kusubiri tu. Wanaume waliotahiriwa hawabebi sana, kama wasiotahiriwa, kirusi cha HPV, kile kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Lakini hiyo haimaanishi uache kupima. Nenda kapime hata kama mumeo katahiriwa.

MstaafuMoro

Nina miaka 61. Niliona uzi huu nikasema niandike kwa ajili ya watu wa umri wangu, maana sisi hatusemi kabisa.

Nilipofika miaka 57 govi lilianza kupasuka. Mistari midogo, inawasha, inapona, inarudi. Nilinunua dawa za kupaka dukani zaidi ya mwaka. Mungu anisamehe, nilifika mahali nikamshuku mke wangu, mwanamke niliyeishi naye miaka thelathini. Mwisho nikaenda kwa daktari nikitaka kutahiriwa tu yaishe. Yule daktari kijana hakunipeleka chumba cha upasuaji. Alinitoboa kidole. Sukari ilikuwa juu mno. Mkojo wenye sukari unalisha fangasi chini ya govi, ndiyo sababu ya mipasuko yote ile.

Tukashusha sukari kwanza, miezi mitatu, ndipo nikatahiriwa, na kidonda kilipona vizuri. Aliniambia kama angenikata siku ile ile ningechelewa sana kupona. Kwa hiyo baba zangu na kaka zangu, govi linalopasukapasuka ukubwani, pima sukari kabla ya kumpima mwenzako kwa maneno. Nilimwomba mke wangu msamaha.

FundiGeti

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Asante sana.

KijanaWaKahama

Mkuu swali la mwisho, na naomba jibu la kweli. Mtaani wanasema ukitahiriwa ukubwani nguvu zinapungua, unakuwa husikii kitu. Ndilo linalonizuia.

FundiGeti

Ndugu yangu, hata mimi lilinizuia miaka miwili mizima. Kwenye zile tafiti za Kisumu na Rakai waliwauliza wanaume hao hao maswali haya kwa muda mrefu, waliotahiriwa na ambao bado, na hawakuona tofauti ya maana kwenye kusimama, hamu, wala kuridhika.

Kwa upande wangu: wiki za mwanzo kichwa kinakuwa na hisia kali kupita kiasi, hata chupi ikigusa unashtuka, kwa sababu hakijazoea kuwa wazi. Inapungua taratibu. Mwezi wa tatu nilikuwa nimesahau. Kilichobaki ni lile kovu langu la upande mmoja, na hilo nililitafuta mwenyewe.

Ulizeni kwanza kituo cha karibu kama huduma bado ipo. Kwenye vituo vya mpango wa tohara ilikuwa bure, lakini tangu misaada ya Marekani isitishwe mapema 2025 sehemu nyingine zimepunguza siku au zimeacha. Msimu wa baridi si lazima. Wazee wanasema kidonda kinapona upesi kwenye baridi, mimi nimeona kinachopona upesi ni kile kinachooshwa na kupumzishwa.

NesiWaZamu

Mleta uzi, kijana wako ameendaje?

FundiGeti

Alikatwa Jumatatu ya wiki iliyopita. Jumatano nilikwenda kwake na beseni na chumvi, nikakaa nje mlangoni wakati analoweka, nikawa namwambia bado, bado, ongeza maji. Ilitoka bila damu. Jana alirudi kukaguliwa, wakasema mshono umeshika.

Leo ni siku ya tisa, amekuja karakanani mwenyewe akasema nyumbani amechoka kulala. Nimemgeuzia ndoo akalie, nimempa brashi, anapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye geti. Likikauka tutalinyanyua mimi na jirani.